Warranty, guarantee au warrant: lipi liandikwe wapi

Anayeandaa kadi ya bidhaa, anayetafsiri mkataba wa mkopo na anayeandika habari za mahakamani kwa Kiingereza, wote hukwama kwenye maneno haya matatu. Yanafanana kwa sauti, yanakaribiana kwa maana, na kamusi ndogo huyapa jibu moja: dhamana. Hapo ndipo watu huumia. Aliyetia sahihi chini ya "guarantee" akidhani ni "warranty" anaweza kujikuta analipa deni ambalo hakulikopa.

Kufanana kwake si bahati. Ni neno moja lililoingia Kiingereza kwa milango miwili, na kila mlango ukalipatia kazi yake.

Vigezo vya kulinganisha

Nitayapima kwa mambo matano yale yale: lilikotoka, watu wangapi wamo ndani ya ahadi, kinachofuata ahadi ikivunjwa, Kiswahili kinachobeba maana hiyo, na nani linamfaa. Kigezo cha pili ndicho kizito. Ukihesabu watu sawasawa, mara nyingi jibu umeshalipata.

Shina la wote

Wafaranki, watu wa jamii ya Kijerumani walioiachia Ufaransa jina lao, walikuwa na shina "war-" lenye maana ya kuwa macho, kuangalia, kulinda. Kutokana nalo likapatikana neno la mtu anayesimama mbele ya mwingine kumkinga. Neno hilo lilipoingia Kifaransa liligawanyika. Watu wa kaskazini, Normandy na Picardy, waliendelea kutamka "w": warant. Watu wa Paris na maeneo ya kati waliigeuza "w" kuwa "gu", kisha "g": garant. Mgawanyo huo unaonekana hata kwenye jina la mtawala wa Normandy aliyeivamia Uingereza mwaka 1066. Waingereza wanamwita William, Wafaransa wanamwita Guillaume.

Kwa uvamizi huo Kiingereza kilipata maneno ya "w" kwanza, kupitia Wanormani: "warrant", kisha "warranty". Karne kadhaa baadaye, Kifaransa cha Paris kilipokuwa lugha ya mabalozi na mikataba ya mataifa, likaja "guarantee", ambalo lilishika kasi kwenye karne ya 17. Ndiyo maana Kiingereza kina jozi nyingi za namna hii: "warden" na "guardian", "ward" na "guard", "reward" na "regard". "Wardrobe" nayo ilikuwa mahali pa kulindia mavazi.

Ndugu wengine wa ukoo huu tunao Kiswahilini na hatuwatambui. Wodi ya hospitali ni "ward", na wadi ya uchaguzi nchini Kenya ni neno hilo hilo, eneo lililowekwa chini ya uangalizi. Gadi wa treni ni "guard". Na gereji, tunakopeleka gari likigoma, imetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuhifadhi, kilichozaliwa na shina lile lile la kulinda.

Jihadhari na wawili wanaojifanya ndugu. "War", yaani vita, ina shina lingine kabisa. "Wage" na "engage" zilipita milango ile ile ya "w" na "g", lakini shina lake ni la rehani na ahadi, si la ulinzi. Kufanana kwa herufi hakutoshi kuthibitisha undugu.

Warranty

*Lilikotoka.* Katika sheria ya ardhi ya Uingereza ya zama za kati, bwana aliyempa mtu ardhi alifungwa na "warranty". Akitokea mtu wa kudai ardhi ile, mwenye kuishikilia alimwita bwana wake mahakamani aje kuitetea. Bwana akishindwa, alitakiwa kumpa ardhi nyingine ya thamani hiyo hiyo. Yaani aliyekupa kitu ndiye anayesimama nyuma ya kitu alichokupa, na maana hiyo haijabadilika mpaka leo kwenye kadi ya friji.

*Watu wangapi.* Wawili. Mtoaji anasema jambo kuhusu kitu chake mwenyewe: hakina kasoro ya kiwandani, ni mali yangu halali, hakidaiwi na mtu.

*Ikivunjwa.* Hapa panahitaji muda, kwa sababu neno hili lina uzito tofauti kwenye biashara mbili.

Katika mauzo ya bidhaa, "warranty" ni sharti la pembeni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya (Sura ya 31) na Tanzania (Sura ya 214) zimejengwa juu yake, ilisema ikivunjwa mnunuzi anadai fidia, ila hapati haki ya kuikataa bidhaa na kuuvunja mkataba. Sharti linalompa haki ya kukataa linaitwa "condition". Kwa hiyo anayetaka uwezo wa kurudisha mzigo wote asiridhike na neno "warranty" peke yake.

Kwenye bima, hasa ya majini, neno hilo hilo liligeuka kuwa chuma. Kesi inayoonyesha hili ni De Hahn v Hartley ya mwaka 1786. Mwenye bima aliahidi kwamba meli yake ilitoka Liverpool ikiwa na mabaharia 50 au zaidi. Ilitoka na 46. Ikapita Beaumaris, mwendo wa saa chache tu, ikachukua wengine sita, na kutoka hapo ikawa na watu 52. Baadaye sana ilitekwa na adui, na kutekwa huko hakukuhusiana kabisa na idadi ya mabaharia pale Liverpool. Mahakama ilisema hakustahili fidia: ahadi ilikuwa 50 kutoka Liverpool, na haikutimizwa kama ilivyoandikwa. Uingereza imelilainisha jambo hili kwa sheria ya bima ya mwaka 2015. Kenya bado ina sheria ya bima ya majini (Sura ya 390) iliyofuata ile ya Uingereza ya 1906, yenye msimamo wa zamani. Ukikuta kwenye bima ya lori "warranted parked in a locked yard at night", yaani ahadi kwamba usiku lori litaegeshwa kwenye uwanja uliofungwa, usiisome kama ushauri. Isome kama mlango wa kampuni kutolipa.

*Kiswahili chake.* Madukani watu husema waranti, na wanaelewana. Kwenye mkataba, njia iliyo salama ni kuacha kutafuta nomino na kutumia kitenzi: "Muuzaji anathibitisha kwamba friji hii haina kasoro ya kiwandani. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 12 tangu tarehe ya kununua, muuzaji ataitengeneza au ataibadilisha bila malipo." Sentensi mbili hizo zinafanya kazi kuliko stika yenye neno kubwa la Kiingereza.

Angalia zilivyojengwa. Zimetaja muda unaanza lini, kwa sababu tarehe ya kununua, ya kupelekewa na ya kuwasha mara ya kwanza zinaweza kuachana kwa wiki. Zimetaja aina ya kasoro, ili umeme ukipanda ghafla ukaichoma friji kusiwe na ubishi. Zimetaja dawa yake: kutengeneza au kubadilisha. Na waranti yako ikihusu kipande kimoja tu, kitaje. Mlango wa friji unaweza kubandikwa "10 YEARS" kwa herufi nene, kumbe miaka 10 ni ya kompresa peke yake na vilivyobaki vyote vina mwaka mmoja. "Lifetime warranty" nayo huulizwa mara chache swali lake la msingi: maisha ya nani? Mara nyingi ni muda ambao kiwanda kinakadiria bidhaa itadumu, si uhai wa mnunuzi.

*Linamfaa nani.* Muuzaji, kiwanda, fundi na yeyote anayesimamia ubora au uhalali wa kitu alichotoa mwenyewe.

Guarantee

*Lilikotoka.* Mlango wa Paris, na mapema sana lilitumika kwenye mikataba ya mataifa. Mfano wake mkubwa ni Mkataba wa London wa 1839, ambamo mataifa makubwa yalidhamini kwamba Ubelgiji itabaki nchi isiyofungamana na upande wowote vitani. Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji Agosti 1914, Uingereza iliingia vitani ikiitaja dhamana hiyo, na Novemba mwaka huo huo watu walikuwa wanapigana Tanga.

*Watu wangapi.* Watatu. Yupo mwenye wajibu, yupo anayedai wajibu huo, na yupo wa tatu anayesema: huyu akishindwa, nijieni mimi. Sheria ya mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) inalieleza hivyo hivyo, kwamba ni mkataba wa kutimiza ahadi ya mtu mwingine endapo mwenyewe ataikosa.

Mbona basi kiwanda huandika "guarantee" kwenye sanduku la redio? Hesabu tena. Duka limekuuzia, wewe umenunua, kiwanda hakimo kwenye mauzo hayo. Kinaposema kitatengeneza, kinajitokeza kama mtu wa tatu. Uingereza na Umoja wa Ulaya hupenda neno hili kwa ahadi ya namna hiyo, wakati Wamarekani wangeandika "warranty". "Money-back guarantee", ahadi ya kurudishiwa fedha, nayo imeshakuwa msemo uliosimama. Usiigeuze kuwa "money-back warranty".

*Ikivunjwa.* Mdhamini analipa. Swali ni lini na kwa ushahidi gani. Katika dhamana ya kawaida ya mkopo, wajibu wa mdhamini unategemea deni lenyewe. Mkopeshaji na mkopaji wakibadilisha masharti ya maana, riba au muda, bila mdhamini kuridhia, mdhamini anaweza kuwa huru. Ndiyo maana mikataba ya mabenki huwa na kifungu kinachomfanya mdhamini aridhie mabadiliko tangu mwanzo. Kitafute kabla ya kusaini. Kwa Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1677, dhamana ya deni la mwingine haidaiki mahakamani bila maandishi. Sheria ya mikataba ya Kenya (Sura ya 23) imeweka sharti kama hilo.

Dhamana ya benki ya kulipa kwa kudaiwa, inayotumika kwenye zabuni na ujenzi, ni kali zaidi. Benki haiulizi kama mkandarasi amekosea kweli. Inatazama karatasi: dai limeletwa mahali palipotajwa, kabla ya tarehe ya mwisho, kwa maneno yaliyotakiwa? Likitimia inalipa, kisha inamgeukia mkandarasi. Nyingi huandikwa chini ya kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara ziitwazo URDG 758, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Makosa yake ni yale yale kila siku: kutotaja tarehe ya mwisho, kutaja kiasi kwa tarakimu kisicholingana na cha maneno, na kupeleka dai tawi ambalo halikuandikwa.

*Kiswahili chake.* Hapa dhamana inakaa sawasawa: dhamana ya benki, dhamana ya zabuni, dhamana ya mkopo. Shida ni kwamba neno letu limebeba mizigo mingi. Mshtakiwa anapata dhamana. Nyumba inawekwa dhamana. Waziri ana dhamana ya afya. Kwa hiyo usiliache neno likae peke yake kwenye maandishi mazito. Liambatanishe na jambo lake. Na wahusika waite mkopeshaji, mkopaji na mdhamini. Mdai na mdaiwa ni sahihi, ila msomaji mwenye haraka huwachanganya, na akikuta mdhaminiwa hajui kama ni anayelindwa au anayedaiwa.

Kwenye maongezi ya kawaida, "I guarantee" si dhamana. Ni nakuhakikishia.

*Linamfaa nani.* Mdhamini wa mkopo, benki, mzazi anayesimama kwa ajili ya mwanawe anayepanga chumba ughaibuni, na kiwanda kinachoandika kwa wasomaji wa Ulaya.

Warrant

*Lilikotoka.* Ndilo kongwe kuliko yote matatu. Mwanzoni lilimtaja mlinzi mwenyewe, mtu. Baadaye likawa ruhusa, kisha karatasi iliyobeba ruhusa hiyo. Hakuna ajabu katika safari hiyo: karatasi ya hakimu humlinda anayeitekeleza. Uingereza iliweka hilo kwenye sheria mwaka 1750, kwamba konstebo aliyetii hati ya hakimu asishtakiwe yeye kwa kasoro ya hati.

*Watu wangapi.* Watatu, ila mpangilio ni mwingine. Mwenye mamlaka yuko juu, mtekelezaji katikati, na anayetekelezewa hana aliloahidi wala aliloahidiwa. Hii ni amri, si ahadi.

*Ikivunjwa.* Hati yenye kasoro, au kwenda nje ya kilichoandikwa, humwondolea mtekelezaji kinga. Tofauti moja ya kushika ni ya muda. Waranti ya bidhaa hufa kalenda ikifika. Hati ya kukamata, kwa sheria ya Kenya, inabaki hai mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute.

*Kiswahili chake.* Tanzania huandikwa hati ya kukamata na hati ya upekuzi. Magazeti ya Kenya hupenda kibali cha kukamatwa. "Warrant officer" jeshini Tanzania ni Afisa Mteule. Waranti ya safari, ile karatasi ya serikali iliyotumika stesheni badala ya nauli, inatoka hapa na si kwenye "warranty", kwa kuwa ni ruhusa ya kusafirishwa. Na likija kama kitenzi, tafsiri yake ni kustahili: "this does not warrant an inquiry" ni jambo hili halistahili uchunguzi. Anayeandika "halina dhamana ya uchunguzi" amemwacha msomaji gizani.

*Linamfaa nani.* Mwandishi wa habari za mahakama, polisi na jeshi. Kwenye soko la hisa pia lipo, likiwa na maana ya haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa. Huko liache waranti na ulieleze mara moja.

Guaranty na warrantee

"Guaranty" ni tahajia nyingine ya "guarantee" kama nomino, inayoonekana zaidi kwenye sheria za Marekani na kwenye majina ya mabenki. Kwa Kiingereza cha Afrika Mashariki hakuna haja yake. "Warrantee" ni neno halali lenye maana ya mtu anayepewa waranti, na wengi huliandika kwa makosa wakimaanisha waranti yenyewe, wamevutwa na mwisho wa "guarantee". Mtoaji wa dhamana ni "guarantor".

Uchaguzi kwa hali yako

Una duka na unaandika kadi za bidhaa: "warranty" kwa Kiingereza, waranti kwa Kiswahili, na chini yake zile sentensi mbili. Acha nafasi ya namba ya bidhaa, tarehe ya kununua na mhuri. Kadi isiyo na tarehe huleta ugomvi.

Unanunua, na huna nia ya kuandika chochote: usipime ahadi kwa jina lake. Uliza nani anatengeneza, kwa muda gani, na nauli ya kupeleka ni ya nani.

Unauza au kununua Marekani: sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inataka waranti ya maandishi ya bidhaa ya matumizi ya nyumbani inayozidi dola 10 itajwe kama "full" (kamili) au "limited" (yenye mipaka). Pia inazuia kiwanda kukulazimisha kutumia vipuri vyake tu ili waranti ibaki hai, isipokuwa kinakupa vipuri hivyo bure au kimepewa ruhusa maalumu.

Uko Umoja wa Ulaya: hata bila kadi yoyote, muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyokuwepo wakati wa kukabidhi bidhaa, kwa miaka miwili angalau. "Guarantee" ya kiwanda ni nyongeza juu ya hapo, na haipunguzi haki hiyo.

Umeombwa kusaini kwa ajili ya ndugu: karatasi ikisema "guarantee", wewe ni mtu wa tatu. Tafuta kiwango cha juu utakachodaiwa. Kama hakijaandikwa, omba kiandikwe kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ukikuta pia "indemnity", yaani ahadi ya kufidia hasara, ujue wajibu wako haungoji tena deni lenyewe liwe halali.

Unajaza bima: kila penye "warranty" au "warranted", soma kama idadi ya mabaharia pale Liverpool. Usiahidi walinzi wawili kama usiku wa Jumapili yupo mmoja.

Unatafsiri kwa ajili ya wasomaji wa Kongo au Burundi: kumbuka wao wamelipokea neno kutoka Kifaransa, si Kiingereza. Huko Kongo garanti ya nyumba ni fedha za miezi kadhaa ambazo mpangaji humwachia mwenye nyumba kabla ya kuingia, na hurudishwa akitoka kama hana deni wala uharibifu. Mkataba wa pango ulioandikwa Dar es Salaam ukitumia "garanti" kumaanisha mdhamini wa mpangaji, mpangaji wa Bukavu atafika na fedha mkononi akiuliza ni miezi mingapi. Andika mdhamini palipo na mtu, na fedha za amana palipo na fedha.